Buti za msituni: Kiatu cha vita kinapogeuka kumbukumbu na pambo

MSIMU wa mvua unapoanza, njia za miguu zinazoelekea Lugulu kutoka barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale hugeuka matope yanayovuta kiatu cha mjini hadi kikavuka mguuni. Hapo ndipo mkazi wa eneo hili hutambua thamani ya buti yenye soli yenye meno, shingo ndefu inayokumbatia kifundo cha mguu na mwili wa turubai unaokauka upesi.

Katika marundo ya mitumba kwenye masoko ya Kitale, Bungoma na Chwele, si ajabu mnunuzi kukutana na buti ya namna hiyo iliyoshonwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya mwanajeshi wa nchi ya mbali. Mkulima huinunua kwa sababu ya shamba, na kijana huichukua kwa sababu ya mtindo. Kuna pia mtu wa tatu, ambaye huigeuza, akachungulia ndani ya shingo yake akitafuta namba zilizofifia, kisha akailipia bila ya haja ya kuivaa. Huyo ni mkusanyaji.

Ukusanyaji wa mavazi ya kijeshi ya zamani ni jambo la kawaida huko Uingereza, Marekani na Japani, ambako watu hutumia pesa nyingi kutafuta buti, makoti na mikoba iliyotumika katika vita vya karne ya 20. Hapa Kenya waipendao shughuli hiyo ni wachache zaidi, nayo ina maswali yake: kiatu hiki kilitoka wapi? Kitatambuliwaje? Kitatunzwaje? Na la muhimu kupita yote, je, raia anaweza kukivaa bila kuvunja sheria au kumtia jirani yake hofu?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee katika kaunti ya Bungoma, kwa sababu buti ya askari imepita hapa mara nyingi, na si kila mara ilipita kwa heri.

KIATU KILICHOZALIWA NA MVUA

Kwa muda mrefu majeshi ya Ulaya na Marekani yaliwavisha askari wao buti nzito za ngozi. Buti hizo zilifaa katika nchi za baridi na ardhi kavu. Zilipopelekwa katika misitu ya joto na mvua, ngozi ilinywa maji, ikaota ukungu, nyuzi zikaoza, na mguu uliokaa majini siku nzima ukaanza kufa ganzi na kuchubuka. Askari mwenye miguu mibovu hana faida kwa jeshi hata akiwa na silaha bora.

Ndiyo maana mnamo 1942 jeshi la Marekani lilifanya majaribio huko Panama ya kiatu kipya chenye soli ya mpira na mwili wa turubai. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Maji hayawezi kuzuiliwa yasiingie ndani ya kiatu msituni, kwa hivyo ni afadhali kiatu kiyaache yaingie, kisha kiyatoe haraka. Buti hizo za kwanza zilitumika katika visiwa vya Pasifiki na katika misitu ya Burma. Waingereza nao, walipotengeneza sare za rangi ya kijani kwa vita vya Mashariki ya Mbali, waliunda buti zao za turubai na mpira zenye shingo ndefu, na mtindo huo ukaendelea kutumika Malaya baada ya 1945.

Umbo linalojulikana zaidi leo lilitokana na Vita vya Vietnam. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, Wamarekani walitoa buti yenye ngozi nyeusi sehemu ya chini, kwenye kidole na kisigino, na kitambaa kigumu cha kijani kuanzia hapo kupanda juu. Karibu na tao la unyayo, upande wa ndani, palitobolewa matundu mawili yenye vichujio vidogo vya chuma ili maji yatoke kila askari anapokanyaga. Ndani yake palitiwa wayo wa plastiki uliofumwa kama wavu, ili hewa ipite chini ya mguu.

Adui aliichangia buti hiyo sehemu nyingine. Wapiganaji wa Vietnam walichonga vijiti vya mianzi vyenye ncha kali, wakavificha katika mashimo yaliyofunikwa majani na mara nyingine wakavipaka kinyesi ili jeraha lioze. Jeshi la Marekani likajibu kwa kuweka bamba jembamba la chuma ndani ya soli. Buti nyingi za aina hiyo zina maneno Spike Protective, yaani kinga dhidi ya ncha kali, na ni miongoni mwa alama ambazo wakusanyaji huzitafuta kwanza.

Soli nayo ina historia yake. Buti za mwanzo za Vietnam zilikuwa na soli yenye umbo la Vibram, jina linalotokana na Mwitaliano Vitale Bramani aliyebuni soli ya mpira yenye meno baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935. Soli hiyo hushika mwamba vizuri, lakini meno yake yaliyokaribiana huziba kwa udongo wa mfinyanzi. Kwa sababu hiyo jeshi lilirudia wazo la mwaka 1944 la sajini mmoja, Raymond Dobie, aliyependekeza meno makubwa yaliyolala mshazari na kuachana nafasi, ili kila hatua isukume matope nje. Soli hiyo huitwa Panama hadi leo. Mkulima wa Lugulu anayechagua buti sokoni kwa kuangalia nafasi kati ya meno ya soli anatumia kanuni ileile, hata kama jina la Dobie hajawahi kulisikia.

KUTOKA MIGUU MITUPU HADI BURMA

Uhusiano wa Magharibi ya Kenya na buti ya msituni haukuanzia kwenye mitumba. Ulianza na vijana waliochukuliwa jeshini.

Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wengi hukijua kwa herufi KAR, kiliundwa mwaka 1902. Kwa miongo mingi askari wake Waafrika walipiga gwaride na hata kwenda vitani miguu mitupu, huku vitambaa vikiwa vimezungushwa muundini, na maafisa wao Wazungu wakivaa buti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mamia ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba mizigo ya jeshi bila viatu, na wengi wakafa kwa maradhi na uchovu. Mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam ingali inabeba jina la kikosi chao.

Mambo yalibadilika katika Vita vya Pili. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilipelekwa Burma kuwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw. Kazi hiyo ilifanywa katikati ya mvua za masika ya Asia, kwenye njia zilizogeuka mito ya tope, palipojaa mbu wa malaria na ruba walionyonya damu. Mapema Disemba mwaka huo divisheni hiyo iliuteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Huko ndiko vijana wengi wa Afrika Mashariki walikojifunza kwamba mguu unaweza kumlaza askari kitandani sawa na risasi.

Waliporejea nyumbani, waliporejea, walikuta kwamba jasho lao halikupimwa kwa mizani moja na la wenzao. Kiinua mgongo cha askari kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika alipata kidogo mno kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Kwa familia nyingi, kilichobaki ni medali, koti zito, kijitabu cha kuachishwa jeshi na jozi ya buti iliyotumika shambani mpaka ikakatika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya vikosi vya KAR vilipelekwa tena msituni, safari hii Malaya. Baadaye vita vya msituni vikaja nyumbani. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, askari wa Uingereza na wa KAR waliwasaka wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Katika vita hivyo alama ya soli ardhini ilikuwa habari kamili, kwani msaka nyayo aliweza kujua nani amepita, lini, na kama amebeba mzigo. Hivyo buti ileile inayoonyeshwa leo kwenye kabati la kioo huko Ulaya kama kumbukumbu ya ushujaa, kwa mzee wa Nyeri yaweza kuwa ukumbusho wa usiku wa kukimbia.

KUMBUKUMBU ZA MLIMA NA BONDE

Lugulu iko katika eneo lenye kumbukumbu za aina hiyo. Si mbali nayo, juu ya Webuye, kuna mlima wa Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu waliojifungia katika ngome ya udongo walishambuliwa na msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Hobley, na mamia wakauawa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyepinga Waafrika kulazimishwa kupigana vita vya wakoloni, aliwakusanya wafuasi wake mahali hapo kuwakumbuka waliokufa. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua watu 11.

Kwa upande mwingine, Lugulu ni kituo cha zamani cha Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, ambao hospitali yao ya misheni inajulikana kote katika eneo hili. Wakweka ni miongoni mwa makanisa machache duniani ambayo kwa asili yao hukataa vita vya kila namna. Si vigumu basi kuelewa kwa nini mzee wa kanisa hilo anaweza kukunja uso akimwona mjukuu wake akiingia ibadani na buti za vita miguuni, hata kama mjukuu ameziona tu kuwa imara na za kupendeza.

Na yapo majeraha ya karibu zaidi. Kati ya 2006 na 2008, wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force waliendesha vita vya kugombea ardhi katika eneo la Mlima Elgon. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kundi hilo liliua zaidi ya watu 600, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao, wengi wakikimbilia maeneo ya Bungoma na Trans Nzoia. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Kundi lilivunjwa na kiongozi wake, Wycliffe Matakwei, akauawa Mei mwaka huo. Hata hivyo, mashirika ya haki za binadamu yaliwashutumu wanajeshi pia kwa kuwatesa wanaume waliokamatwa na kwa kupotea kwa baadhi yao.

Wanamgambo walikuwa na mavazi ya kijeshi, na askari wa serikali walikuwa na mavazi ya kijeshi. Mama aliyeamshwa usiku na mlio wa soli nzito mlangoni hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyefika. Kwa sababu hiyo, anayevaa buti za msituni katika vijiji vya ukanda huu lazima atambue kwamba hazungumzi peke yake. Viatu vyake navyo vinazungumza, na wapo wasikilizaji ambao hawajasahau.

SHERIA YASEMAJE?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sura ya 63, inamkataza mtu asiyekuwa askari kuvaa sare ya majeshi au ya polisi bila ruhusa, na pia vazi lolote lenye sura ya sare hizo au lenye alama zake. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 nayo inagusia matumizi ya sare yasiyoidhinishwa. Maneno ya kuzingatia ni yale ya "sura ya sare", kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtu hahitaji kuwa amevaa sare kamili kuanzia kichwani hadi miguuni ili aingie mashakani.

Buti peke yake, ikivaliwa na suruali ya kawaida na shati la kawaida, haimfanyi raia afanane na mwanajeshi. Wafanyakazi wa mijengo, walinzi, waendesha bodaboda na wapanda milima huvaa buti za shingo ndefu kila siku. Hatari huanza buti hiyo inapoandamana na suruali ya madoadoa, mshipi wa kijeshi, bereti au koti lenye beji. Hapo afisa wa polisi ana sababu ya kuuliza, naye mvaaji atatakiwa kujieleza.

Jambo la pili ni asili ya kiatu. Buti ya jeshi la kigeni iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita na kuuzwa kama masazo ni bidhaa ya kawaida ya soko. Buti mpya iliyotolewa na serikali kwa askari wa Kenya, kisha ikauzwa kichochoroni, ni jambo tofauti kabisa. Sheria hiyohiyo inaharamisha kupatikana na mali ya serikali isivyo halali, na mnunuzi hataokolewa na kisingizio kwamba bei ilikuwa nafuu. Mkusanyaji mwangalifu hudai stakabadhi, hata iwe kipande cha karatasi chenye tarehe na sahihi ya muuzaji.

Wakazi wanaovuka mpaka kwenda Uganda kupitia Malaba au Lwakhakha wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Sheria ya jeshi la nchi hiyo ya mwaka 2005 ni kali kwa raia anayepatikana na vifaa vya kijeshi, na mwaka 2019 serikali ya Kampala ilitangaza katika gazeti rasmi mavazi yaliyotengewa wanajeshi, bereti nyekundu zikiwemo. Buti za ukusanyaji ni heri zibaki nyumbani.

JINSI YA KUTAMBUA BUTI HALISI

Kwa kuwa mtindo huu umependwa duniani, viwanda vingi hutengeneza buti mpya zinazofanana na za zamani. Kuziiga si kosa, ila mnunuzi asilipe bei ya kale kwa kitu cha juzi. Zipo alama kadhaa za kumsaidia.

Kwanza, tazama ndani ya shingo ya buti, kwenye ulimi na kwenye soli. Buti za Marekani za enzi ya Vietnam huwa na namba ya mkataba inayoanza na herufi DSA, na tarakimu mbili zinazofuata kundi la kwanza la namba huonyesha mwaka wa fedha. Kwa mfano, penye DSA-100-68, mkataba ulikuwa wa mwaka wa fedha wa 1968. Wakala uliotumia herufi hizo ulibadilishwa jina mwaka 1977, na tangu hapo herufi zikawa DLA.

Pili, soma kipimo. Wamarekani huandika namba ya urefu ikifuatwa na herufi ya upana, kama vile N kwa mguu mwembamba, R kwa wa kawaida na W kwa mpana. Kwenye vifaa vya Uingereza tafuta mshale mdogo wenye mistari mitatu inayokutana kileleni, ambao kwa karne kadhaa umekuwa alama ya mali ya serikali ya nchi hiyo, pamoja na jina la kiwanda na mwaka.

Tatu, chunguza uzee wenyewe. Turubai la kale hufifia bila usawa, zaidi pale jua lilipopiga na pale kamba zilipokwaruza. Vichujio vya matundu ya maji hupata kutu ya kijani. Kiatu kilichozeeshwa kwa makusudi huwa kimefifia sawasawa kila mahali, jambo ambalo miaka haifanyi.

Nne, kagua mishono. Buti iliyotumika kweli huwa na historia ya fundi: uzi wa rangi nyingine, kiraka, soli iliyobadilishwa. Baadhi ya wakusanyaji huzikataa buti zilizotengenezwa upya. Wengine huona kwamba kiraka cha fundi wa Kitale ni sehemu ya maisha ya kiatu hicho sawa na namba ya mkataba kutoka Marekani.

KUVAA NA KUTUNZA

Si kila buti ya zamani inafaa kuvaliwa. Buti zenye soli ya mpira uliopikwa na kushikamanishwa moja kwa moja na ngozi, kama zile za Vietnam, huweza kudumu miongo mingi. Lakini viatu vya miaka ya baadaye vyenye soli nyepesi ya poliyurethani huoza kutoka ndani kwa sababu ya unyevu wa hewa, hata vikiwa havijavaliwa kamwe. Siku ya kwanza ya kuvivaa, soli humeguka kama mkate mkavu. Kabla ya kununua, bonyeza soli kwa kidole gumba na uikunje taratibu. Ikiacha vumbi au ikapasuka, hiyo ni ya kuonyeshwa kabatini tu.

Hata majeshi makubwa yamewahi kukosea katika jambo hili. Buti fupi ya Uingereza iitwayo DMS, iliyotolewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilivuja vibaya katika vita vya Falklands mwaka 1982, na askari wengi wakaugua miguu kwa baridi na maji. Miaka miwili baadaye ikaanza kubadilishwa kwa buti ya shingo ndefu. Mvaaji asidhani basi kwamba neno "jeshi" pekee ni dhamana ya ubora.

Kiatu cha mitumba kisafishwe kwanza. Kitoe kamba na wayo wa ndani, kisugue kwa brashi na sabuni isiyo kali, kisha kikauke kivulini penye upepo. Jua kali na moto wa jikoni hukausha ngozi ikapasuka. Kwa kuwa fangasi hukaa ndani ya viatu, ni busara kubadilisha wayo na kuvaa soksi safi daima. Ngozi ipakwe mafuta ya viatu kwa kiasi, lakini turubai lisipakwe kitu, kwani vitundu vyake vikizibwa kiatu hupoteza sababu ya kuumbwa kwake.

Anayehifadhi bila kuvaa ajaze karatasi ndani ili umbo lisianguke, aweke buti mahali pakavu, pasipo na panya wala mchwa, na asizifunge kwenye mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Aidha, mwenye buti zenye bamba la chuma akumbuke kwamba zaweza kuliza mitambo ya ukaguzi kwenye milango ya benki na maduka makubwa.

Kwa mkulima, faida ya kiatu imara haiishii kwenye matope. Kinga ya mguu ni kinga dhidi ya funza, miiba, nyoka na majembe. Wataalamu wa afya pia wanaeleza kwamba kutembea miguu mitupu kwa miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa asili ya volkano huweza kusababisha aina ya matende isiyoletwa na mbu, ambayo njia kuu ya kuizuia ni kuvaa viatu na kuosha miguu.

MKUSANYIKO BILA MAELEZO NI RUNDO

Wanaoudharau ukusanyaji na kuuona kama mchezo wa watu wasio na kazi wanaweza kutembelea Makavazi ya Kitale. Taasisi hiyo ilitokana na mkusanyaji mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya jamii mbalimbali, na kuanzisha makavazi yake binafsi mwaka 1926. Aliiachia Kenya mkusanyiko huo alipofariki mwaka 1966, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Kilichoupa mkusanyiko wake thamani ni maelezo: kila kitu kilipatikana wapi, lini, na kwa nani.

Hilo ndilo somo kwa kijana wa Lugulu anayeanza na jozi moja. Buti ya Vietnam iliyotoka kwenye rundo la mitumba ina namba inayoweza kusomwa, lakini aliyeivaa hajulikani na hatajulikana. Buti iliyosahaulika darini mwa babu aliyekwenda Burma haina bei kubwa katika soko la dunia, ila jina la aliyeivaa linajulikana, na kijiji chake, na mwaka aliorudi. Waliopigana vita hivyo karibu wote wamekwisha kuaga dunia. Wajukuu wao, wanaoweza kuulizwa leo, hawatakuwepo milele.

Kwa hivyo kabla ya kuilipia jozi nyingine sokoni, mkusanyaji angefanya vyema kuchukua daftari na kuanza nyumbani kwao. Aandike jina, kikosi, mahali na mwaka, akitunze kikaratasi hicho pamoja na kiatu. Asisahau kuandika pia habari za wale waliokanyagwa, si za waliovaa tu. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walionya, na kwa wapenda buti za zamani mbachao huo huenda uko darini, umefunikwa vumbi, ukisubiri kuulizwa ulikotoka.